Swali la Mama wa Kibumba

Kuna siku moja ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote, mwanangu, na jana ulipofungua daftari lako pale barazani ilinirudia nzima, mpaka vumbi lake nikalisikia kooni. Ulikuja unameremeta, Zawadi mjukuu wangu. Hata salamu hukuimaliza vizuri. Ukasema, "Koko, Jumamosi tunarudisha batu Kibumba. Familia zote, siku moja, kamyo sita. Tutaimba kutoka hapa mpaka kule!" Ukaniomba mimi, shofere mzee, nikutafutie kamyo nzima nzima na madereva wasiolewa, halafu nikupe baraka.

Nikasoma daftari. Niliona majina ya familia zile zilizokimbia Kibumba, zinazolala miezi yote hii kwenye uwanja wa shule. Niliona mbegu za maharagwe na viazi, majembe, ngoma, na hata rangi ya kitenge mtakachoshona wote sare. Nikafunua mpaka ukurasa wa mwisho, nikarudi wa kwanza, nikalifunga, nikafumba macho. Wewe ukadhani mzee amechoka, ukanifunika miguu kwa blanketi, ukaenda zako. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilikuwa nimeogopa.

Kwa hiyo leo kaa hapa, weka simu yako chini, unisikilize. Nitasema polepole maana meno yamebaki ya kuhesabu, na ukinikatiza nitaanza upya, unanijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba yangu, Muzee Ramazani, alikuwa mtoto wa watu wa Kasongo waliokuja huku na biashara ya vitenge na chumvi. Yeye akaacha duka akapenda usukani. Alikuwa na kamyo moja ya kijani, na barabara ya Goma kwenda Rutshuru aliijua shimo kwa shimo. Macho yalipoanza kumsumbua akanipa mimi funguo. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupanda juu ya kichwa cha kamyo, pale penye ubao wa jina, nikaandika kwa rangi nyekundu: NANI KAMA MIMI. Ndiyo, cheka. Baba alitazama ule ubao, akaguna, akaenda kutawadha.

Vita vilikuwa vimetufikia. Usiniulize lilikuwa jeshi la nani. Kwenye barabara ile wamepita wengi, na sitaki ugombane na jirani kwa sababu ya masimulizi yangu. Jua hili tu: lilikuwa jeshi kubwa, limetoka mbali, na lilikusanyika hapa Goma ili lipande kaskazini liiteke nchi yote mpaka Rutshuru na kuipita. Kamyo za kwao hazikutosha. Wakachukua za raia, pamoja na madereva wake. Watu walilia siku ile, mwanangu, lakini mimi, niseme ukweli nikiwa bado hai, nilifurahi. Niliona nitapita katikati ya mji nikifuata jeep ya mkubwa, na wasichana wa Birere wananitazama.

Mkubwa wao tulimwita Komanda, basi. Alikuwa mrefu, amenyooka, sauti nzuri, na neno lake lilikuwa "Noki! Noki!", ndiyo haraka ya Kilingala. Asubuhi moja alitukusanya madereva kwenye uwanja wa mpira, akatandika ramani juu ya boneti ya jeep. Akasema, "Leo tunapita Kibumba. Jioni tunalala Kalengera. Siku ya tatu vita imeisha." Askari wakapiga makofi. Baadaye nilikuja kujua kwamba zile siku tatu hazikutoka kwenye ramani wala barabarani. Alikuwa ameshawaahidi wakubwa zake, sasa ikabidi barabara nayo itii.

Baba alikuwa amenisindikiza. Akanyoosha mkono. "Komanda, na mayi?"

Komanda akaweka kidole kwenye mstari mwembamba wa buluu, mbele kidogo ya Kibumba. "Huu hapa muto, Muzee."

"Ule si muto," Baba akasema. "Ni njia ya mvua. Mvua ikikatika, na yenyewe inakatika."

"Muzee, huku kwenu mvua inanyesha kila siku, halafu munalilia mayi?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo, baba yangu akichekwa mbele yangu. Mungu anisamehe.

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua, lakini ngoja niseme kwa ajili ya wenzako waliokulia kwenye bomba. Ile nchi yote ya juu imekaa juu ya mawe ya volkano. Jiwe lile limejaa matundu. Mvua inanyesha kwelikweli, inakulowesha mpaka mifupa, na ukiinama kuitafuta chini haipo, imeshaingia. Kibumba hakuna mto, hakuna kisima. Udongo ni mzuri kupita kiasi, kabichi zinakuwa na vichwa vya kutisha, lakini maji ya kunywa ya mtu wa kule ni bati lake, mfereji wake na pipa lake. Asiye na bati hana maji. Hilo Komanda hakulijua, na aliyelijua alikuwa amechekwa.

Baba hakubishana. Aliniongoza nyumbani, tukapakia mapipa mawili ya maji nyuma ya kichwa cha kamyo, akayafunga kwa mipira mwenyewe. Akasema, "Haya ya kwako na ya benzako. Usiyaguse mpaka hauna njia ingine." Nikasema ndiyo, Papa, huku najitazama kwenye kioo.

Tulianza safari. Kamyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba ya kwanza ilipofika Kibati, ya mwisho ilikuwa bado inapakia Goma. Zote kwenye barabara moja, mstari mmoja, pua kwenye mkia. Kamyo ya mafuta, ya mafundi na ya tairi za akiba waliziweka nyuma kabisa kwa sababu, walisema, hizo hazipigani. Mimi nilibeba makasha ya mabomu, yamefunikwa na turubai jipya, kubwa kama paa la nyumba. Wengine walibeba chakula: maharagwe, unga, na makayabu, wale samaki wa chumvi. Fikiria mwenyewe, Zawadi. Maharagwe yanataka maji, ugali unataka maji, na makayabu usipomlowesha utajuta. Jeshi zima lilibeba chakula cha kupikiwa kando ya mto.

Nyuma yangu alikuwa rafiki yangu Bahati. Ndiyo, Bahati huyuhuyu fundi wa mifereji ya mabati, unayemwita Papa Bahati. Alikuwa kijana wa wafugaji wa Masisi, Mkristo wa kweli, anaimba akiwa kwenye usukani mpaka unatamani azime. Tulikuwa kama pacha.

Kwenye mlima wa Kibati injini yangu ilichemka. Komanda akarudi nyuma na jeep yake, ana hasira. "Nataka kamyo nyepesi hapa nyuma yangu! Nani yuko na kamyo nyepesi? Noki!"

Mwanangu, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nikasema, "Mimi, Komanda!" Nikaruka chini, nikafungua ile mipira aliyoifunga Baba, nikayashusha mapipa mawili, nikayaacha kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya barabara. Bahati akatoa kichwa dirishani.

"We! Baba yako atakuuliza hizi mapipa."

"Kibumba tutakunywa," nikamjibu, nikapiga honi.

Nimesema maneno mengi ya kijinga katika maisha yangu, bibi yako, Mungu amrehemu, angekuorodheshea. Hilo ndilo la kwanza kwa ubaya.

Tukafika Kibumba. Nilishangaa nikaona nyumba zote ziko wazi juu, kuta tu na mbingu. Kumbe askari waliotangulia wiki ile walikuwa wameng'oa mabati yote, wakaenda kujengea kambi yao. Watu wamekimbia. Amebaki mama mmoja mzee, amekaa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na paa, sufuria katikati ya miguu yake. Jeep ilipopunguza mwendo, akatutazama, akauliza kwa sauti, "Mumekinga, batoto bangu?"

Askari waliokaa juu ya makasha yangu wakaangua kicheko. Walidhani anauliza habari ya dawa, ile kinga ya kuzuia risasi. Serja mmoja, yaani sajenti, mwenye ndevu akavuta kifuko cha ngozi shingoni mwake akamwonyesha. "Tumekinga, mama! Ona!" Mwingine akapiga makasha kwa kiganja. "Kinga njo hii!" Na mimi dereva, mtoto wa barabara ile, niliyesikia watu wa Kibumba wakisalimiana hivyohivyo kila baada ya mvua, "Umekinga? Nimekinga," nikacheka na wao. Nilikuwa nimekaa na askari siku mbili tu na tayari nilikuwa nasikia kwa masikio yao.

Yule mama hakucheka. Alitutazama kama unavyotazama watoto wanaokwenda shule bila kula.

Mbele ya Kibumba barabara inapita kwenye mawe matupu. Hapo tulikuta miti ya mikaratusi imelazwa barabarani. Jeep ikasimama, nami nikakanyaga breki, nikapanda jiwe la pembeni, tairi langu la mbele likapasuka. Tairi la akiba liko wapi? Liko Kibati, nyuma ya kamyo zote zile. Fundi yuko wapi? Hukohuko. Kamyo zikaendelea kuja na kusongamana, na kulia ni jiwe, kushoto ni jiwe, hakuna pa kugeuzia hata baiskeli. Wale tuliokuja kuwapiga walitutupia risasi chache kutoka kilimani, wakanyamaza. Hawakuwa na haraka. Walikuwa wameona tumeingia wenyewe.

Chupa za maji zilikwisha siku ileile. Kesho yake jua lilitoka kali, na njaa ikawashinda askari, wakala makayabu yale makavu. Ah, Zawadi. Sitaki kukueleza sana. Wanaume wazima walikuwa wanalamba vyuma vya kamyo asubuhi ili wapate umande. Komanda akatuma watu kwenye ule mstari wake wa buluu. Walikwenda, wakarudi mchana, na mmoja wao akageuza kofia yake ya chuma mbele ya Komanda. Ukamwagika mchanga.

Ndipo wakaanza kufungua rejeta za kamyo. Maji ya rejeta, mwanangu, yana kutu, yana mafuta, ni ya injini. Wakayanywa. Bahati alikuwa na huruma toka zamani; akafungua rejeta yake mwenyewe akawagawia askari, halafu akanywa mabaki. Jioni akaanza kutapika. Kufika siku ya tatu, ile siku ambayo vita vilikuwa viishe, hakuwa ananitambua. Nilimlaza chini ya kamyo yangu kwenye kivuli, kichwa chake mapajani mwangu, midomo imepasuka, ananiita kwa jina la kaka yake. Nami nilikuwa najua mapipa mawili ya maji yako wapi. Nilijua hata kivuli cha mgomba yalipokaa. Sijawahi kujichukia vile, wala sikuombei uje ujue inavyokuwa.

Alasiri mvua ikaja.

Ungeona! Watu walipiga kelele, wengine walilia, wote wakafungua midomo juu kama vifaranga. Ilikuwa mvua ya kwetu, ile ya kupiga bati mpaka husikii mtu anayesema nawe. Ila bati halikuwapo. Ilipiga jiwe, ikakimbia kidogo, ikaingia kwenye matundu, kwisha. Watu walikinga viganja, walikinga kofia, wakapata funda moja moja. Walikamua mashati. Nami nilikamua langu kwenye mdomo wa Bahati, ikatoka chumvi ya jasho langu. Upande wa Nyiragongo tayari wingu lilikuwa linafunguka. Mvua ilikuwa inakwenda.

Nikamsikia yule mama. Nakuambia nilimsikia, kama yuko hapo: Mumekinga?

Sikuwa mtu wa akili nyingi, lakini pale nilielewa. Hakuwa anauliza hirizi. Alikuwa anauliza maji! Nikanyanyua macho, na juu ya kichwa changu ni turubai, jipya, pana kama paa, limetandikwa juu ya makasha ya mabomu, mvua inatiririka juu yake na kumwagika bure ubavuni.

Nikapanda. Nikakata kamba ya kwanza, nikakata ya pili. Askari wa zamu akapiga kelele, "Acha! Masasi italowana!" Komanda akaja mbio, bastola mkononi, maji yanamtiririka usoni.

"Ukitoa hii turubai, vita imeisha!"

"Komanda," nikamwambia, "vita ishaisha. Bamebaki batu."

Usinifanye shujaa. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbuzi. Sijui angefanya nini. Lakini yule serja mwenye ndevu, mwenye kifuko shingoni, alishika pembe ya pili ya turubai. Mwingine akashika ya tatu, mwingine ya nne. Tukalinyanyua, katikati likabonyea, na maji yakaanza kujaa. Wa kamyo ya nyuma wakatuona wakafanya vile, na wa nyuma yao pia, turubai baada ya turubai, mpaka kwenye kona sikuweza kuona tena.

Bahati nilimnywesha kwa kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, serja akinizuia mkono nisimharakishe. Mara ya kwanza akatapika. Mara ya pili akameza. Komanda alisimama muda mrefu anatazama makasha yake yanavyolowana. Halafu akavua kofia, akaichovya, akanywa. Akakaa juu ya tairi langu lililopasuka kama mtu aliyeshushwa mzigo. "Turudi," akasema. Hakusema noki.

Tukarudisha maji kwenye rejeta. Lakini kugeuza haiwezekani, nimekuambia. Tukarudi kinyumenyume, jeshi zima, kutoka kwenye yale mawe mpaka Kibumba, madereva wametoa vichwa madirishani, kamyo zinasukumwa kwa mabega, yangu nikiwa nimehamishia mbele tairi moja la nyuma. Lile jeshi lililokuwa lichukue nchi yote halikupigwa na mtu. Lilikuwa na mabomu ya kutosha mwezi mzima na maji ya asubuhi moja.

Yule mama alikuwa palepale kizingitini, na sufuria yake imejaa. Nilishuka, nimembeba Bahati mgongoni. Akatandika nguo chini, akachukua kijiko, akaanza kumnywesha. Nikamwambia, "Mama, ulituuliza."

"Niliuliza," akasema. "Mukacheka." Akaendelea na kijiko chake.

Nikarudi kwenye kamyo nikaleta turubai. Mimi na yule serja tulipanda juu ya kuta zake, tukalifunga liwe paa, tukaliinamishia upande mmoja ili maji yakusanyike. Mama akazunguka nyumba, akatazama, akatukosoa upande wa nyuma, tukafunga upya. Komanda aliona, hakukataza.

Goma, Baba aliningoja mlangoni. Alimtazama Bahati kwanza, akamgusa paji la uso, akaita watu wamwingize ndani. Halafu akanigeukia.

"Mapipa yangu iko wapi?"

"Kibati, Papa. Niliyashusha."

"Juu ya nini?"

"Nilitaka kuwa wa kwanza."

"Na umerudi wa ngapi?"

Nikainama. Tulikuwa tumerudi kinyumenyume, mwanangu. Wa kwanza ndiye aliyekuwa wa mwisho. Baba alitaka kukasirika, nikamwona, lakini kicheko kilimtangulia, akacheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikalia. Halafu akanishika bega akasema maneno ambayo ndiyo yote ninayo: "Komanda alipanga namna ya kufika. Hakupanga namna ya kukaa. Na weye ulimusaidia." Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi na brashi, akanipa. Hakusema niandike nini.

Kesho yake nilikwenda Kibati. Yule muuza ndizi alikuwa ameyafunika mapipa yetu kwa majani, hajachota hata kikombe. "Nilijua mutarudi," akaniambia. "Na kiu." Bahati alipona baada ya wiki kadhaa, akakataa usukani moja kwa moja, akaenda kujifunza kukunja mabati. Ndiyo maana leo nusu ya mifereji ya mji huu imetoka mikononi mwake, na bado anaimba akifanya kazi, na bado natamani azime.

Sasa turudi kwenye daftari lako.

Mwanangu, una kila kitu alichokuwa nacho Komanda. Una kamyo, una siku, una nyimbo, una watu wenye moyo, na una sare kumshinda. Ninyi hamwendi kupiga mtu; mnawarudisha watu mashambani kwao, na kama kuna safari iliyoombewa na mji mzima ni hiyo. Lakini nimetafuta neno bati kwenye kurasa zako, sikuliona. Nimetafuta pipa, sikuliona. Mtafika Jumamosi mnaimba. Jumapili mama mwenye kichanga atakwenda kunywa wapi?

Utaniambia, "Lakini Koko, batu bamechoka kungoja." Najua. Napita kwenye uwanja ule kila ninapokwenda kuswali, nawaona. Ni kwa sababu wamechoka ndiyo nasema inabidi warudi mara moja tu. Ukiwapeleka Jumamosi, na Jumatano wakashuka kwa miguu na ndoo tupu, hawatapanda tena kamyo yako wala ya mwingine. Watasema Kibumba imekwisha, na Kibumba haijaisha hata kidogo, ile ardhi inawangoja.

Fanya hivi. Jumamosi hiyohiyo nenda, usivunje siku yako, lakini nenda na wachache, na chukudu za vijana, zile baiskeli zao za mbao, zibebe mabati. Hesabu nyumba: ipi ina paa, ipi haina, pipa lipo au halipo. Mchukue Bahati, mzee yule ataruka kwa furaha. Waulize wamama wazee wa kule kabla ya kumwuliza mkubwa yeyote, na wakikuuliza kitu usicheke mpaka umeelewa. Acheni mvua mbili tatu zijaze mapipa. Kisha wapeleke wanaume na wanawake wenye nguvu wapande mbegu, kisha wenye watoto, na mwisho wagonjwa na wazee, nyumba ikiwa tayari. Fundi na tairi viwe mbele karibu nawe. Kila kamyo ijue itageuzia wapi. Na usimwahidi mtu yeyote siku ya kumaliza, hata akikusifu.

Nyimbo msiziache. Imbeni sana. Mimi mwenyewe nitakuja na safari ya mwisho, ya wazee, mnipakie mbele nione barabara.

Nenda sasa nyuma ya kabati langu, utoe ule ubao uliofungwa kwenye gunia. Ndio uleule, nilipaka rangi nyeupe juu ya NANI KAMA MIMI nikaandika upya, na kwa miaka yote niliyoendesha, watu wa barabarani waliusoma na kunijibu kwa sauti kubwa. Soma. MUMEKINGA? Rangi imechakaa, ila inasomeka. Ufunge kwenye kichwa cha kamyo ya kwanza.

Mungu akufungulie barabara, mwanangu. Akupe mvua ya kiasi na paa la kuipokea. Akuepushe na haraka ya wakubwa na kicheko cha vijana, na yale niliyoyaacha Kibati wewe uyabebe mpaka mwisho. Na utakapofika Kibumba, mama yeyote aliyekaa kizingitini akiusoma ubao huo na kukuuliza hivyohivyo, shuka kwenye kamyo, umshike mkono, umwonyeshe mapipa, umjibu kwa niaba yangu pia: tumekinga, mama.